Nilivyoshuka Garini Kule Luangwa

Tangu nirudi, kila aliyeniuliza habari za Zambia nimempa jibu lake. Asha aliniuliza bombani, nikamwambia habari za viboko. Binamu yangu wa Masanze aliniuliza kwa simu, salio likaisha nikiwa bado Mbeya. Mwingine nilimweleza ule mkasa wa tembo, lakini kipande kinachonitia aibu nikakiruka, na tangu siku hiyo roho haijatulia. Kwa hiyo naandika mara moja, wote mpate kitu kimoja. Hii ni nakala ya nne. Tatu za mwanzo nilizichana kwa sababu ndani yake nilionekana mtu mjanja.

Kwa asiyejua nilikwenda kufanya nini: pale Kidodi kuna akina mama tisa, walima miwa, wana kikundi chao. Kila mwaka baada ya mavuno hufanya jambo moja la kujifurahisha. Mwaka huu walisema wanataka safari, na si ya hapa Mikumi.

"Tembo wa hapa tunajuana nao," alisema Mama Chausiku, kiongozi wao. "Tumewafukuza shambani kwa madebe miaka na miaka. Mimi nataka kumwona tembo ambaye sijawahi kumtukana."

Walikuwa wamesikia kwamba Zambia, katika bonde la mto Luangwa, watu huwatazama wanyama kwa kutembea kwa miguu, askari mwenye bunduki akiwa mbele. Hilo liliwapendeza kuliko yote. Mama Chausiku akaniambia, "Kutembea tunajua. Gari ndilo linalotutapisha. Basi nenda wewe kwanza ukaone. Ukirudi, utuambie neno moja: unatuweza au hutuwezi. Usituletee hotuba."

Mnajua kazi yangu. Uongozaji wageni nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kukaa na madereva wa hifadhi mpaka wakanizoea. Lakini pengine hamjui kwamba mwaka jana, mbele ya wageni sita, nilimwonyesha tandala jike nikamwita pofu, mnyama mwingine kabisa. Mgeni mmoja akacheka. Sehemu yote iliyobaki ya safari nilikuwa naonyesha kwa kidole bila kutaja jina la mnyama yeyote, hata twiga. Tangu hapo sijaongoza kundi. Kwa hiyo neno lile moja alilolitaka Mama Chausiku lilikuwa lao, lakini lilikuwa langu pia.

Habari za pasi, mihuri na tiketi nitaziruka. Hazina utamu.

Kidodi mpaka Mikumi

Nilikuwa na daftari. Ndani yake nilikuwa nimeandika kila kituo na saa yake: kufika Mikumi saa nne kamili, basi saa nne na nusu, Iringa saa saba, na kadhalika mpaka mwisho wa safari. Mama Chausiku alikuja kunisindikiza na mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na mayai saba. Alilitazama daftari akauliza, "Na haja ndogo umeiandika saa ngapi?"

Daladala yetu haikuwa imefika mbali. Kwenye kona moja mbele yetu, lori la miwa lilikuwa limelala ubavu na mzigo wote umemwagika barabarani. Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori alikuwa amekaa kivulini anapunga hewa kwa kofia. Magari yakapangana huku na huku, abiria wakashuka, na kila mmoja akachagua muwa wake akaanza kumenya kwa meno.

Mfugaji mmoja alifika na ng'ombe wake, nao bila kuuliza wakaanza kula majani ya miwa. Dereva akanyanyuka.

"Mzee, shikamoo. Ng'ombe wako wanakula mzigo wangu."

"Marahaba. Mzigo umelala katikati ya barabara, ng'ombe wamesimama kando. Nani amemkosea mwenzake?"

Watu wakacheka, hata dereva. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa na kukata mistari daftarini, na nilipofika kwenye mstari wa Mbeya, kalamu ikatoboa karatasi.

Tulifika Mikumi saa sita kasoro. Nilikimbia na begi mpaka kwenye kibanda cha tiketi, jasho linanitiririka, nikajitayarisha kulia. Yule dada wa tiketi alikuwa anakula wali.

"Basi langu limeondoka saa ngapi?"

"Lipi? Lile la Tunduma? Halijafika. Limesimama hifadhini, kuna twiga barabarani hawataki kuondoka." Akanisogezea kiti. "Kaa. Umekula?"

Nilikula nusu ya wali wa mtu nisiyemjua jina, wali na maharage na mchicha, na hakutaka shukrani. Nimesafiri nchi mbili, lakini sahani ile bado iko juu ya orodha yangu.

Mikumi mpaka Tunduma

Basi lilipofika, twende. Ruaha Mbuyuni dirishani palijaa vitunguu. Milima ya Kitonga tuliipanda nyuma ya malori, polepole kama maandamano ya harusi. Makambako baridi iliingia nikafungua begi na kuvaa kila nilichokuwa nacho. Mbeya nililala kwa rafiki ya shangazi, na asubuhi nikaendelea.

Tunduma nawaambia hivi: malori yamepangana kabla hujauona mji. Nilihesabu mpaka mia moja nikaacha. Madereva wanapika ubavuni mwa magari yao, wanafua, wanacheza bao. Dereva mmoja wa Kilosa alinitambua kwa kusema kwangu, akaniita "mdogo wangu," akanionyesha njia ya watembea kwa miguu na kunionya nisibadilishe pesa na anayenifuata, bali na aliyekaa. Nilimtii.

Nakonde mpaka Lusaka

Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na Kiswahili bado kinatembea. Ndani ya basi la Lusaka nilikaa na mama mmoja mnene, mchangamfu, anayeuza Lusaka mchele anaoununua Tunduma. Aliniambia nimwite Bana Mwape. *Bana* huko ni kama Mama kwetu: yeye ni mama yake Mwape.

Kabla ya Isoka alifungua kopo lake akanikatia kipande cha kitu cha rangi ya kahawia, kizito, kilichokatwa kama mkate.

"Kula, mwanangu."

"Ni nini, mama?"

"Chikanda. Watu wa mjini wanaiita soseji yetu ya Kiafrika."

Niliposikia soseji, nikamwona nguruwe. Badala ya kuuliza nikatabasamu na kusema, "Ahsante mama, nimefunga."

Akanipongeza. Akafunika kopo, na yeye mwenyewe akaacha kula ili asinitamanishe. Hapo ndipo nilipoanza kuteseka. Usiku basi liliegeshwa njiani, kwani huko mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, tukalala tumekaa. Kulipokucha tukaendelea. Tulipokaribia Serenje njaa ilinishika kweli kweli. Nikageukia dirishani, nikamenya yai moja la Mama Chausiku, nikalitia lote mdomoni.

"Wateja wangu wa Tunduma," ilisema sauti nyuma ya sikio langu, "wakifunga hufungua jua likizama. Kwenu Kidodi mnafungulia yai la saa nne?"

Sikuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa. Nilipomeza nikamwambia ukweli wote: kwamba nilidhani ni nguruwe, kwamba niliogopa kumuudhi, na kwamba nimeshinda nikijilaumu tangu jana. Bana Mwape alicheka mpaka akapiga kiti cha mbele kwa kofi, na aliyekaa hapo akageuka. Akalieleza basi zima kwa Kibemba. Basi zima likacheka.

"Ni mizizi," aliniambia akifuta machozi. "Mizizi ya porini, na karanga, na pilipili. Nguruwe hajapita hata jirani. Umenifunga na mimi, mwizi wewe. Lete yai."

Tukabadilishana. Chikanda ina ladha ya karanga na udongo baada ya mvua, na pilipili inakuja mwisho. Nilikula vipande vinne. Lusaka, Bana Mwape hakuniacha stendi. Alisubiri na magunia yake mpaka bintiye Mwape akaja, wakanipeleka kwao nikaoga na kulala kitandani, na kesho yake wakanipandisha basi la Chipata kwa mikono yao.

Lusaka mpaka Mfuwe

Barabara ya mashariki ni nzuri kwa macho. Inapanda na kushuka vilima, kisha ghafla unaliona daraja la Luangwa na wauza samaki wakavu wamelizingira basi. Nilifurahi kuuona ule mto, maana nilijua huko juu ndiko ninakokwenda.

Mbele kidogo ya Nyimba basi likaharibika. Kondakta akatangaza, abiria wakashuka wote, wakatandika vitenge chini ya miti, wengine wakalala. Mimi nikabaki ndani. Joto lilikuwa kama la tanuri la mkaa. Baada ya muda mama mmoja alininyooshea chupa ya maji dirishani akauliza kwa Kiingereza, "Dada, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Nikatazama nje: kulikuwa na mbuzi mmoja.

Ninyi mtanielewa, wao wasingenielewa. Sisi tumekulia kwenye barabara inayokata hifadhi. Nilipokuwa na miaka saba basi letu liliharibika kule ndani, kati ya Mikumi na Doma, na mwanamume mmoja akataka kushuka kujisaidia. Basi zima lilimtukana. Mama yangu alinishika kiunoni kwa mikono miwili kana kwamba ndiye mimi niliyekuwa nataka kushuka. Kwetu mtoto anajua kutoshuka kabla hajajua kusoma. Hata kazi yangu yote ya kuongoza nimeifanya nikiwa ndani ya gari. Na sasa nilikuwa nakwenda mahali ambapo safari yenyewe ni kushuka. Nilikaa kwenye joto lile nikajiuliza kwa nini sikulifikiria hilo nikiwa Kidodi, mimi niliyeandika mpaka saa ya kufika Iringa.

Mfuwe nilifika siku ya pili yake, kutoka Chipata. Mwenye nyumba ya wageni alinipokea kwa kupiga magoti kidogo na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kama bakuli. Nikageuka nyuma kuona anamshangilia nani. Nilipotambua kwamba ni salamu, nami nikapiga makofi, lakini kwa nguvu, kama ya harusi. Watoto wakatoka jikoni kutazama.

Kwa miguu

Hapa ndipo penye habari yenyewe.

Alfajiri alikuja kunichukua Thandiwe, kiongozi wa matembezi, mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mpole, macho hayatulii. Garini walikuwemo mwalimu mmoja mstaafu wa Lusaka na mkewe, bwana mbeba chai ambaye siku nzima sikumsikia sauti, na askari wa wanyamapori, mzee mwembamba mwenye bunduki ndefu. Walimwita Ba Phiri, na hiyo *Ba* ni ya heshima. Yeye alikuwa akilalamikia viatu vyake vipya kwa Kinyanja, na Thandiwe akawa ananitafsiria kwa Kiingereza, lugha ambayo nayo nilijifundisha mwenyewe.

Tulivuka daraja la mto kuingia hifadhini. Chini yetu viboko walikuwa wamejaa majini kama mawe ya kufulia. Tukaenda kidogo, gari likasimama, wote wakashuka.

Miguu yangu ilikataa. Sisemi kwa mafumbo. Niliiambia ishuke, haikushuka. Mkono ulishika nondo ya kiti, ukagoma kuachia.

Ba Phiri alitazama, akasema jambo. Thandiwe akatafsiri: "Anauliza kama wewe ni sehemu ya gari. Kwa sababu gari linarudi."

Nikashuka. Nilishuka kinyumenyume kama mtoto anayetoka kitandani. Na kwa jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nikampita Ba Phiri na kwenda kusimama kwenye mstari bila kumwamkia. Mzee wa umri wa babu yangu, nimempita kama nguzo ya simu. Nililikumbuka hilo baada ya hatua kumi, na tangu hapo lilinikereketa kama mwiba.

Thandiwe alitoa masharti. Tutembee mmoja nyuma ya mwingine, Ba Phiri mbele, yeye wa pili. Hakuna kuzungumza. Akiinua mkono, tusimame. Akiushusha, tukae chini, na hakuna kunyanyuka mpaka aseme. Akatikisa kimfuko cha majivu. Majivu yakapeperukia usoni mwetu. Akaridhika, upepo ulikuwa unatoka kwa wanyama kuja kwetu.

Marafiki, sijui niwaeleze vipi. Miaka yote nimewajua wanyama kuanzia kiunoni kwenda juu, kama unavyowaona dirishani. Hapa nilianza na ardhi. Wayo wa kiboko una vidole vinne. Mavi ya fisi ni meupe kama chaki. Twiga mmoja alituona akaacha kutafuna, jani likabaki linaning'inia mdomoni, naye akatutazama mpaka tukapita. Bila injini masikioni, nilisikia swala wakikata majani.

Tulifika kwenye uwanda wenye swala wekundu wekundu, wanene shingoni. Thandiwe akanong'ona kwamba hao ni puku. Na mimi, niliyeapa kutotaja tena jina la mnyama, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sheshe."

Akageuka. Nikamnong'oneza kwamba tunao, bondeni Kilombero, chini kidogo ya kwetu, na kwamba hatuwaiti puku, tunawaita sheshe. Alitoa kalamu akaliandika jina hilo kiganjani mwake.

Baadaye mkono wake uliinuka, kisha ukashuka. Tukakaa nyuma ya kichuguu. Mbele yetu tembo jike na mtoto wake walikuwa wakipanda kutoka korongoni, karibu sana, karibu kuliko ninavyopenda kukiri. Ba Phiri alinyata mbele kuchungulia kama kuna wengine. Mimi nilikuwa nimekaa nimenyoosha miguu, mgongo kwenye kichuguu.

Kisha Ba Phiri akarudi. Alikuja moja kwa moja upande wangu, ameinama, uso kwa uso, mara ya kwanza kutazamana siku hiyo. Na mimi nimekaa, miguu nimemnyooshea, na sijamwamkia tangu alfajiri.

Nikasimama wima. Nikainamisha kichwa. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Shikamoo."

Tembo aligeuka. Masikio yakafunguka, akapiga hatua moja kuelekea kwetu, kisha nyingine. Nilimwona mtoto akiingia chini ya tumbo la mamaye. Ba Phiri hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu akanididimiza chini, taratibu, kama unavyokandamiza unga kwenye debe ili mfuniko uenee. Yeye akabaki amesimama mbele yangu, bunduki ameiteremsha, haijaelekezwa popote. Mke wa mwalimu alikuwa ameshika mkono wa mumewe. Tembo alinusa hewa, mkonga juu, huku na huku. Upepo haukutusaliti. Akamsukuma mtoto wake kwa mguu wa mbele, wakaondoka. Sijui ilichukua muda gani. Saa ilikuwa mkononi na sikuitazama.

Chai tulinywea mbali na pale, chini ya mti wa mwegea. Niliwaomba radhi wote, mmoja mmoja, kisha nikamwambia Thandiwe kwamba sitaendelea siku zilizobaki. Nikamweleza habari za akina mama tisa na neno wanalolingoja. "Sasa ninalo," nikasema. "Siwawezi."

"Kwa nini ulisimama?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua.

Nikaeleza: kwetu mzee hakukuti umekaa ukabaki umekaa. Hiyo si akili, ni magoti. Thandiwe akamtafsiria Ba Phiri. Mzee alikuwa amevua kiatu kimoja anakanda kidole. Akauliza swali.

"Hao mama tisa," Thandiwe akatafsiri, "nao watasimama wakimwona?"

"Wote."

Ba Phiri akajibu kwa ufupi, na mwalimu mstaafu akapaliwa na chai kabla sijatafsiriwa.

"Anasema, basi tutakufa wote, na adabu zetu."

Thandiwe alitoa daftari mfukoni, dogo, limechakaa, limefungwa kwa mpira. Nilidhani ni la majina ya ndege. Lilikuwa la makosa. Amelijaza miaka yote aliyofanya kazi: watu wa Lusaka hupokea simu, watu wa Ulaya hurudi nyuma kutafuta picha bila kutazama wanakokanyaga, wanaume vijana hupita mbele ya askari. Akanifungulia ukurasa wa kwanza. Juu kabisa palikuwa na jina lake mwenyewe: *Thandiwe. Alisahau majivu. Alikimbia.*

Halafu akaandika mstari mpya, huku nikimtazama: *Watanzania. Husimama.*

"Sikuwa na huu," alisema. "Ningewapokea mama zako tisa bila kuujua. Unaona ulichotuletea?"

Ba Phiri akaingilia. Alitaka kujua, kama mtu amepewa lile neno langu, hujibu nini. Nikamwambia, marahaba. Akalijaribu mara mbili tatu, kama anavyojaribu kile kiatu. Kisha akaniashiria nikae vizuri, kitako chini, miguu nimekunja, nisinyanyuke hata kidogo. Akangoja.

"Shikamoo," nilisema, nimekaa. Nawaapia, magoti yaliuma.

"Marahaba," akasema Ba Phiri, naye amekaa, kiatu kimoja mkononi.

Nilitembea nao siku tatu. Kila asubuhi tuliamkiana hivyo, chini, kabla ya kuanza. Niliwaona chui wawili, ndege wekundu waitwao keremkerem waliotoboa ukingo wa mto mpaka ukawa kama chujio, na mamba aliyelala mdomo wazi nikamdhania gogo. Hilo nalo limo kwenye daftari la Thandiwe.

Mkitaka kujua Zambia ni nchi ya namna gani kwa msafiri: msiende kutafuta makundi makubwa yanayofunika uwanda; hayo tunayo sisi. Nendeni kwa ajili ya mto na ukimya. Nendeni kiangazi, majani yamelala na wanyama wanafuata maji, lakini mjue kwamba kuelekea mwisho wa kiangazi bonde lina joto la kuunguza. Chukueni viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, msimwige Ba Phiri. Nsima yao ni ugali wetu, laini zaidi. Chikanda si nguruwe. Na mkipigiwa makofi, msigeuke nyuma.

Kidodi tena

Njia ya kurudi sitaieleza. Ilichelewa kila mahali, na daftari la saa nililisahau kwa Bana Mwape.

Akina mama walikuwa wamekusanyika kwa Mama Chausiku. Nilianza kuwaeleza mambo ya msimu na umbali. Mama Chausiku akainua kidole.

"Neno moja."

"Nawaweza," nikasema.

Wengine wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga, alinitazama akasubiri, maana ananijua. Nikaongeza kwamba kuna jambo la kujifunza kwanza, na bila hilo hatuendi. Nikawasimulia kila kitu, na ile aibu yangu yote, mbele ya watu tisa. Mama Chausiku akauliza tu, "Huyo mzee alikuwekea mkono kichwani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu amzidishie."

Tangu wiki ile tunafanya mazoezi jioni, kwenye njia ya kando ya shamba lake la miwa. Mmoja nyuma ya mwingine, kimya, jambo ambalo kwa wale mama ni gumu kuliko tembo. Nikiinua mkono wanasimama. Nikiushusha wanakaa, kwenye vumbi, na kanga zao. Malori ya miwa yanapita barabarani na madereva wanapiga honi.

Juzi nilikuwa nimeushusha mkono, wote wamekaa, ndipo kwenye kona akatokea Mzee Mkude na baiskeli yake. Hapa Kidodi hakuna asiyesimama Mzee Mkude akitokea. Niliyaona magoti yakitikisika mstari mzima. Mama wa tatu alianza kunyanyuka. Mama Chausiku akamshika kanga akamrudisha chini bila kugeuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechuchumaa mbele yao, mkono chini.

Mzee akasimamisha baiskeli. Akatutazama kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

"Shikamoo," tulisema, wote kumi, kutoka chini.

"Marahaba." Akangoja. Hakuna aliyesimama. "Mmepatwa na nini leo? Mnaumwa?"

Mama Chausiku hakumtazama yeye. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Hatuumwi, baba," akasema. "Mkono wa binti bado uko chini. Pita tu."